Ekari kwa Miguu ya Nani?

Kidato cha nne nilipata D ya Hesabu, na nyumbani Uyole tulichinja kuku. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani anasoma maandishi ya bingwa. Mimi ni mtu wa sosholojia. Hesabu nilibebeshwa hapa Iringa, chuoni, pale mwalimu aliyekuwa akizifundisha alipopata kazi Dodoma na kila mtu kikaoni akainamia simu yake. Mimi nilichelewa kuinama.

Somo lenyewe ni la wasiosomea hesabu: maendeleo ya jamii, uandishi wa habari, ustawi wa jamii, na wachache wa utalii. Ni darasa la watu 90 na ushee, na karibu wote wanaiona Hesabu kama mtu aliyewahi kuumwa na mbwa anavyoliona geti lenye maandishi ya mbwa mkali. Ukiandika x ubaoni unaona mabega yakipanda. Mwaka wa kwanza nilifuata muhtasari kama nilivyoukuta: seti, matriksi, logariti. Walikariri, wakafaulu, wakasahau kabla basi halijafika Makambako. Siwalaumu, mimi mwenyewe nilikuwa nakariri usiku mmoja kabla yao.

Kilichonibadilisha ni viazi.

Novemba 2021 nilikodi ekari moja upande wa Kilolo ili nilime viazi mviringo, kama walimu wengi wa hapa ambao mshahara wao unahitaji msaidizi. Mwenye shamba ni mzee wa rika la marehemu baba yangu, mtaratibu, mwenye kuvaa koti la mvua hata jua likiwaka. Tuliamkiana, kamwene, kamwene, tukaafikiana 150,000 kwa msimu, naye akaanza kupima. Huku hakuna anayetoa mita. Ekari ni hatua 70 kwa hatua 70, na hilo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Mwenye shamba anatembea, anayekodi anafuata nyuma akihesabu kimoyomoyo asije akapunjwa. Nilihesabu. Zilikuwa 70 kamili upande huu na 70 kamili upande ule. Nikalipa, tena nikijisikia mjanja.

Bwana shamba, yaani afisa kilimo, alikuwa ameniambia ekari inataka magunia 8 ya mbegu. Nikanunua 8. Siku ya kupanda, mchana haujaisha, kijana mmoja wa vibarua akaniita: "Mama, shamba limekwisha." Nikamuuliza, mbegu je? Akaninyooshea mkono pembeni ya shamba. Gunia moja lilikuwa halijafunguliwa kabisa, jingine limepungua kidogo tu juu.

Wa kwanza kushukiwa walikuwa vibarua. Nikajua wamepanda mbali mbali ili wamalize mapema. Nikachukua kijiti, nikapita mstari kwa mstari nikipima nafasi. Hakuna kosa. Akafuata bwana shamba, nikampigia, akaniapia kuwa 8 ndizo anazowaambia watu wote. Nililala na hasira isiyo na mtu wa kuibeba. Jumamosi iliyofuata niliazima tepu ya mita 50 kwa fundi ujenzi jirani yangu hapa Kihesa, nikarudi shambani na kijana wa kunishikia ncha ya pili. Upande wa kwanza ulisoma mita 56. Upande wa pili, 56.

56 mara 56 ni 3,136. Ekari ni mita za mraba 4,047. Nilikuwa nimelipia ekari, nimepewa robo tatu na kakipande. Gunia langu lisilofunguliwa na lile lililopungua juu zilikuwa mbegu za shamba ambalo halikuwepo.

Nilikaa kwenye tuta nikapiga hesabu upya, maana kuna kitu kilikuwa hakikubali. Mzee hakuniibia. Hatua nilizihesabu kwa macho yangu, zilikuwa 70. Ukigawa 56 kwa 70 unapata sentimita 80, na hiyo ni hatua ya haki kabisa ya mzee mfupi mwenye magoti yake. Shida ni kwamba zilikuwa hatua 70 *zake*.

Baadaye nilitaka kujua kama hiyo 70 ina maana yoyote au ni mazoea tu, na kumbe ina maana nzuri. Ekari ni yadi za mraba 4,840. 70 mara 70 ni 4,900. Tofauti ni kama asilimia moja tu, kwa shughuli za shamba hiyo si kitu. Ila kanuni hiyo ina sharti ambalo hakuna anayelitaja wakati wa kupima: hatua iwe yadi moja, yaani sentimita 91 na nukta kidogo. Hiyo ni hatua ya mtu mrefu anayewahi basi. Halafu kuna wajuaji wa mjini wanaosahihisha na kusema ekari ni *mita* 70 kwa 70. Hao wanampunja mwenye shamba, maana mita za mraba 4,900 ni ekari moja na moja ya tano.

Mama yangu angenicheka mpaka akae chini. Yeye aliuza maharage Uyole, pale njia panda ya kwenda Tukuyu, na baadaye Mwanjelwa, kwa miaka mingi kuliko niliyokaa shuleni. Shule aliishia darasa la nne. Akienda kununua kwa wakulima akaambiwa debe ni elfu ishirini na tano, hakujibu bei. Aliuliza, "Debe la nani?" Analetewa debe, analigeuza, anapitisha ngumi chini kwenye kitako. Kama kitako kimegongwa kikabonyea kwenda ndani, analirudisha bila neno na kuanza kufunga kanga yake. Debe la watu wote ni lita 20, lakini debe lililoko mbele yako ni la mtu fulani, na mtu fulani ana nyundo. Lumbesa za viazi nazo ni hadithi hiyo hiyo, ila zenyewe zimegeuziwa upande: gunia ni moja, lakini limeshonewa kilemba juu ili mkulima auze gunia moja na nusu kwa bei ya moja. Sheria inakataza. Ukisimama Uyole asubuhi utaona jinsi inavyokataza.

Basi mwaka ule nikatupa theluthi moja ya muhtasari, nikaweka swali la mama mahali pake.

Siku ya kwanza sasa hatuingii darasani. Tunakwenda uwanja wa mpira, kila mtu anatembea hatua 70 kwa mwendo wake, kisha tunapima kwa tepu. Vicheko vinaanza hapo hapo. Kuna kijana wa utalii, mrefu kama mlingoti, alifika mita 66 na nusu. Ekari yake ni mita za mraba 4,422, kwa hiyo ukitaka kukodi shamba nenda naye. Kuna binti wa uandishi wa habari aliyevaa sketi ya kubana, hatua yake ilikuwa sentimita 62. Alifika mita 43 na sentimita 40. Wakati wenzake wanamcheka kwa huo umbali mfupi, nilimwambia azidishe. Akazidisha kwenye simu, akanyamaza. 1,884. Si nusu ya ekari.

Hapo ndipo pana kitu ambacho ningependa kila mtu anayekodi shamba akione kwa macho. Ninawauliza: hatua ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, ekari inapungua kwa kiasi gani? Darasa zima linajibu kwa sauti moja, sehemu moja ya kumi. Ninachukua kijiti, nachora mraba kwenye vumbi, nakata mistari mpaka vinapatikana vyumba 10 kwa 10, jumla 100. Sasa upana umepungua kwa kumi: nafuta safu moja ya kulia, vyumba 10 vimeondoka. Lakini urefu nao umepimwa kwa miguu ile ile. Nafuta mstari wa juu, nao ulikuwa na vyumba 10, ila kimoja cha pembeni kilishafutwa, kwa hiyo vinaondoka 9. Vimebaki 81. Mguu umepungua 10, shamba limepungua 19. Kuna mwanafunzi mmoja, mtu mzima, amekuja chuo baada ya miaka ya udereva wa malori ya Tunduma, alichuchumaa kwenye mchoro ule muda mrefu baada ya wenzake kuondoka. Akaniambia, "Madam, mimi nimeuza viwanja kwa miguu." Sikumuuliza zaidi.

Kutoka "debe la nani" hadi "asilimia ya nini" si safari ndefu, ingawa mimi mwenyewe nilichelewa kuisafiri na ikanigharimu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikopa 600,000 kwenye taasisi moja ndogo ninunue laptopu. Dada wa kwenye meza, mchangamfu, akaniambia riba ni asilimia 5 tu kwa mwezi, miezi 6. Marejesho 130,000 kila mwezi. Nikaona 5 ni namba ndogo, nikasaini. Miaka mingi baadaye niliuandika mkopo ule ule ubaoni na kuwaachia darasa.

Kila mwezi narudisha 100,000 ya mkopo na 30,000 ya riba. Mwezi wa kwanza sawa, ninadaiwa 600,000, na 30,000 ni asilimia 5 yake. Mwezi wa pili ninadaiwa 500,000, nalipa 30,000. Hiyo si 5 tena, ni 6. Mwezi wa nne nadaiwa 300,000, nalipa 30,000: 10. Mwezi wa sita nimebakiza deni la 100,000, na bado nalipa 30,000. Ni asilimia 30 kwa mwezi huo. Kijana mmoja akainua mkono: "Kwa hiyo Madam ulikuwa unalipia riba hela ambazo umeshawarudishia?" Ndiyo, baba. Kwa miezi mitano. Jumla nililipa riba 180,000. Kama asilimia 5 ingekuwa ya deni lililobaki, riba ingekuwa 30,000, kisha 25,000, ikashuka hivyo hivyo mpaka 5,000, jumla 105,000. Ile 75,000 ya tofauti ilikaa ndani ya neno moja ambalo sikuliuliza.

Na kama yule mzee, dada yule hakunidanganya. Kwenye fomu iliandikwa, asilimia 5 ya mkopo wa awali, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa. Mikopo ya mtaani, hii kausha damu, angalau haijifichi. Jina lake limeshasema.

Kesho yake binti mmoja wa ustawi wa jamii aliniletea daftari la kikoba cha mama yake, kikundi chao cha kuweka na kukopa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni, likinukia moshi. Riba yao ni asilimia 10 kwa mwezi. Alikuwa na wasiwasi kwamba mama anaibiwa maradufu kuliko mimi. Tulilipitia wote wawili wakati wa chai. Kikoba chao kinatoza 10, ndiyo, lakini ya deni lililobaki, na mwisho wa mwaka wakivunja, ile riba yote inagawanywa kwa wanachama kulingana na hisa. Mama yake alikuwa na hisa nyingi na alikopa kidogo. Alikuwa anakula riba za wenzake, kwa heshima zote. Hapo swali likarudi lilivyokuwa mwanzo, riba ya nani.

Mambo ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huwa nayapitia haraka, dakika tano, kwa sababu ukishaelewa umeelewa. Risiti inasema 118,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, bei bila kodi ni ngapi? Nusu ya darasa wanatoa asilimia 18 ya 118,000 na kupata 96,760. Kodi ilihesabiwa kwenye 100,000, wao wanaitoa kwenye 118,000. Gawa kwa 1.18, basi. Kuna mwanafunzi alifanya kosa hili akiwa mafunzo kwa vitendo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka akamwuliza kama chuoni tunasoma au tunacheza bao.

Mikeka ya kubeti, ile ambayo ukikosea mechi moja umekosa yote, hapana, hapo hatupiti haraka. Wavulana wa nyuma wanaamka.

Wao hujiona wamejipanga. Hawachezi ovyo, wanachagua mechi za uhakika. Kijana mmoja alinionyesha mkeka wa mechi 10, kila moja timu kubwa nyumbani dhidi ya timu dhaifu. Nikamwuliza, kila mechi una uhakika kiasi gani? Akasema asilimia 80, na nadhani alikuwa anasema kweli, wapo wanaojua mpira kuliko mimi ninavyojua chochote. Nikamwambia vizuri. Sasa sahau mkeka, nina mechi 10 na wewe una uhakika wa 80 kwa kila moja. Kati ya hizo 10, unategemea ushinde ngapi? "Nane." Unategemea ukosee ngapi? "Mbili." Na mkeka unaruhusu ukosee ngapi? Alinitazama kama nimemwambia habari ya msiba.

Kwa kikokotoo ni 0.8 ijizidishe mara kumi, inabaki 0.107. Mikeka 9 kati ya 10 ya kijana huyu, mwenye akili, mwenye utafiti, itachanika. Nao husema kila wiki, "Madam, mechi moja tu imenichania." Mara nyingi huwa moja au mbili, ndivyo hesabu yenyewe ilivyosema tangu Ijumaa. Asilimia 80 ilikuwa ya mechi, yeye akaisoma kama ya mkeka. Sijui kama ameacha. Najua rafiki yake alipunguza mpaka mechi mbili, maana 0.8 mara 0.8 ni 0.64, akaona huo ni uhakika wa kutosha. Nikamkumbusha kwamba na malipo yake nayo yanapungua, na mwenye kampuni ameshakata chake kabla hajapanga hizo odds, yaani viwango vya malipo. Akasema, "Madam, usituharibie wikiendi."

Kinachonishangaza ni kwamba watu hao hao, wanaoapa hawana kichwa cha hesabu, GPA, wastani wao wa alama, wanaipiga gizani. Mgao wa umeme, hakuna simu yenye chaji, lakini binti atakwambia kwamba C ya somo lenye uzito wa krediti 12 haifutwi na A ya somo la krediti 6, na anahitaji ngapi muhula ujao ili asogee. Huo ni wastani wenye uzito, mada ambayo kwenye muhtasari wa zamani ilikuwa wiki ya tisa na watu walikuwa wakiilia. Hakuna aliyewahi kuniuliza "hii itanisaidia nini maishani" kuhusu GPA.

Novemba iliyofuata nilirudi Kilolo na tepu yangu mwenyewe, ya mita 50, ya njano. Mzee yuko na koti lake. Shikamoo, marahaba, habari za mjini. Nikamweleza kwa adabu yote niliyofundishwa kwamba mwaka huu ningeomba tupime kwa mita. Akaichukua tepu, akaivuta kidogo, akaiachia irudi ndani, akaivuta tena. Akaniuliza, "Mita za nani hizi?"

Nilikosa jibu, nikacheka peke yangu. Nikamwambia za fundi, za serikali, za watu wote. Akasema yeye atapima kwa miguu, mimi nipime kwa tepu, tuone nani muongo. Alipofika hatua ya 70 akasimama, nikamwonyesha tepu: 56. Nikamwomba aendelee mpaka 80. Akaendelea, 64. Nikamwambia mzee, kwa miguu yako ekari ni hatua 80. Alisimama pale akiangalia alikotoka, midomo inatembea.

"Ndiyo maana mbolea hunibakia kila mwaka," akasema.

Kisha akaniambia hatua 80 ni shamba kubwa kuliko la mwaka jana, kwa hiyo bei si ile. Akataja 200,000. Nilipiga hesabu haraka kichwani: kwa bei ya mwaka jana, shamba la 64 kwa 64 lingekuwa 196,000 hivi. Hakuwa amekosea sana, na hakuwa na simu wala kalamu. Tulivutana mpaka jua likaanza kushuka, tukakutana kwenye 180,000. Magunia yote 8 yaliingia, na lile la mwisho lilibaki na mbegu za kujaza ndoo moja, nikampa yule kijana aliyenishikia tepu.